Kamba ya Madamu

Uvira, 28 Machi 1995

Mama Himid, rafiki yangu,

Tumefika. Naanza na hilo ili mengine uyasome umekaa. Danielle miguu imemvimba lakini anacheka, na mzee mmoja wa hapa, Cirimwami, ametupa chumba nyuma ya nyumba yake bila kutuuliza sana. Pale Gatumba tulivuka katikati ya umati, hata sikumbuki mpaka wenyewe ulivyo.

Mume wangu nimemwacha kwako, na kuku wangu nimewaacha kwako, sijui nikushukuru kwa kipi kwanza. Mwambie mumeo, Mzee Yaseen, nimeona ubinadamu wake. Zénon alale hapo kwenye stoo ya duka lenu mpaka alipwe mshahara wa bandarini, kisha atufuate. Asitie mguu kwetu Bwiza. Wanaokaa sasa katika nyumba zetu si watu wa kubishiwa hodi.

Sasa nisikilize, maana, ukiacha yule mweusi wako na bata dume, kuku wewe unawajua wakiwa sahanini tu. Wangu watano wafunge mguu mmoja kila mmoja, kwa kitambaa, si kwa waya, karibu na jiko lako. Wazoee moshi wenu na sauti yako. Usipowafunga watarudi kwangu. Kutoka kwako Buyenzi mpaka Bwiza ni barabara moja tu ya kuvuka, na kuku hajui mambo ya vita.

Chakula usimwage mahali pamoja. Mwaga huku na kule, ili mnyonge naye apate. Funga fungu la majani ya lengalenga juu kidogo, waruke kulidonoa, wasahau kudonoana. Watapigana. Waache. Ukiona damu tu ndiyo uingie, upake ile dawa ya zambarau, maana kuku akiona chekundu hasamehe.

Yule mweupe anayetembea kama mke wa waziri wa kule Kiriri ndiye Madamu. Ndiye kipenzi changu. Zénon anajua.

Concilie wa Zénon


Buyenzi, 4 Aprili 1995

Mama Danielle mpenzi,

Alhamdulillahi kwa kufika kwenu. Chabani wa baiskeli ameniletea barua yako ikiwa imelowa jasho, kaificha ndani ya soksi kwa ajili ya vizuizi vya njiani.

Mwenzangu, uani kwangu hakukaliki. Kuku wako wamefungwa kama ulivyosema, lakini huyu kuku wangu mweusi hawapi nafasi. Anakuja anawadonoa wakiwa kambani, hawana pa kukimbilia. Mmoja kabaki na kisogo kitupu. Nikamtoa huyo aliyeumia nikamweka peke yake ndani apone, nimemrudisha leo, wamemvamia upya kama hawajamwona maishani. Bata dume naye ameingilia ugomvi usiomhusu, anamfukuza jogoo wako, aliyekata kitambaa chake, mpaka juu ya tangi la maji. Mzee Yaseen amekaa barazani anatikisa kichwa, anasema kuku hawa ni picha ya nchi yetu. Nimemwambia picha aiweke ukutani, mimi nataka dawa.

Madamu hali vizuri. Anavuta kamba kutwa nzima, analia, na huwa ameuelekeza uso upande mmoja tu. Namwonea huruma. Nimfungue?

Mumeo huyu hapa ananinyang'anya kalamu.

Bibi yangu, mi niko muzima. Hapa wananipa wali kila siku, nitakuja Uvira nikiwa munene, hautanijua. Mshahara wanasema wiki ijayo. Mama Himid anakimbizwa na kuku wako, mi nacheka mpaka machozi. Busu Danielle. Madamu anakuulizia sana. Na mi pia. Zénon.

Umeona? Ndiyo raha ninayoipata.

Kaltum


Uvira, 9 Aprili 1995

Mama Himid,

Mwambie Mzee Yaseen kuku si watu. Kuku wakishapanga nani mkubwa, mambo yamekwisha, wanakula pamoja na kulala ufito mmoja. Angeniambia ni mtaa gani wetu umefikia hapo.

Umekosea, dada. Anayeonewa hatolewi. Ukimtoa, wenzake wanamsahau, na akirudi ni mgeni wa kupigwa. Toa mchokozi. Mchukue huyo mweusi, mfunike na tenga nyuma ya nyumba siku kadhaa, asiwaone. Akirudi atakuta wenzake wamejipanga bila yeye, ataingia kwa adabu. Bata dume mpe beseni la maji mbali na jogoo, hana ubaya, anataka heshima tu.

Kuhusu kamba, imetosha. Wafungue Ijumaa hii asubuhi, wote, na Madamu pia. Asishikwe tena. Kuku akifungwa kupita kiasi mguu unakufa.

Postikadi ya Zénon nimeisoma (naiita postikadi maana mistari ni michache, mvivu huyo). Danielle ameibusu karatasi akaibandika ukutani kwa uji.

Concilie wa Zénon


Uvira, 11 Aprili 1995

Mama Himid, haraka,

USIMFUNGUE MADAMU. Wengine sawa, yeye apana! Nimekumbuka leo nikifua, nikaacha nguo majini. Madamu alikuwa ameanza kutaga chini ya kitanda chetu kule Bwiza. Nilimwongezea na mayai mengine niliyopewa na jirani yangu Mama Jovithe, ili aatamie yote pamoja. Kuku mwenye mayai mahali hazoei kwingine. Ukimfungua atayafuata, na Zénon namjua, hatakubali kuku wangu apotee. Mwache na kamba yake, umhamishie tu mguu wa kushoto.

Chabani anasema mpaka una matatizo wiki hii, lakini atajaribu.

Concilie


Buyenzi, 17 Aprili 1995

Dada yangu Ruqaya, huko Kigoma,

Assalamu alaikum. Nakuandikia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na hapa sina wa kumwambia. Nimefiwa na mtu asiye ndugu yangu, na nalia kuliko nilivyomlilia mjomba.

Ni Zénon, mume wa Concilie, yule rafiki yangu muuza mayai aliyekimbilia Uvira na mtoto wake. Aliniachia mumewe na kuku zake. Akaniandikia niwafungue kuku Ijumaa. Ijumaa hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu yao, Zénon hakwenda kazini, akawafungua mwenyewe. Wanne wakabaki wanachakura. Wa tano, jike jeupe wanayemwita Madamu, akajinyoosha, akajikung'uta, akatoka getini. Hakukimbia. Alikwenda kama mtu aliyeitwa.

Zénon akasema, "Mi najua kwenye anaenda. Niko nakuja sasa hivi."

Nikamwambia, "Apana, Zénon, we acha. Ni kuku tu, tutanunua ingine."

Akanijibu, "Ile ni kuku ya Concilie, Mama Himid. Akiniuliza nitasema nini?" Akavaa kofia yake akatoka. Mimi nilirudi kwenye sufuria yangu, dada. Nilidhani nitamcheka akirudi.

Rachidi wa mkokoteni ndiye aliyemleta, baada ya alasiri. Walimpiga risasi mlangoni pa nyumba yake mwenyewe kule Bwiza, wakati anatoka. Madamu alikuwa kwapani mwake, hai, hana hata unyoya uliovunjika. Kofia ilikuwa na mayai. Aliyakuta chini ya kitanda, akaona asiyaache. Mengi yalikuwa yamepasuka yakamwagika shatini. Matatu madogo yalikuwa mazima. Sikuweza kuyala wala kuyatupa. Nimemfunga Madamu tena, nikamwekea, akayakalia palepale.

Padri alimzika Jumamosi, watu wachache, haraka. Na jana Chabani akaja na barua nyingine ya Concilie, iliyokwama mpakani. Imeandikwa kwa herufi kubwa: usimfungue Madamu.

Sasa niambie, nimwandikieje? Nikisema amekufa, atauliza amekufaje. Nikisema amekufaje, atajua ni barua yake iliyofungua kamba. Atajiua, au atabaki hai hivyo, na sijui lipi baya zaidi. Kuna mtoto mdogo pale. Moyo wangu umekataa.

Mdogo wako, Kaltum


Buyenzi, 19 Aprili 1995

Mama Danielle,

Barua yako ya haraka ilifika kwa wakati, usiwe na wasiwasi. Madamu amefungwa, mguu wa kushoto kama ulivyoagiza. Wale wengine wako huru na hawaendi popote. Mweusi nimemfunika na tenga, na kweli uani kumetulia, hata Mzee Yaseen amenyamaza.

Zénon anakusalimu. Ameumia kidole bandarini, kreti ilimwangukia, hawezi kushika kalamu kwa sasa.

Kula vizuri. Lala mapema.

Kaltum


Kigoma, 1 Mei 1995

Kaltum,

Mwenyezi Mungu amrehemu kijana yule. Nimelia, kisha nimekasirika. Unamfichiaje mwanamke kifo cha mumewe? Anapika, anachana nywele, anamngojea mtu aliye kaburini, na wewe ndiye unayemwekea sahani. Hata kama dini yake si yetu, mjane ana haki ya kukaa chini na kulia. Hiyo haki umeichukua wewe. Unaona ni huruma. Mwambie, tena mwambie yote. Kipande utakachoficha atakikuta mwenyewe siku yuko peke yake.

Dada yako, Ruqaya


Uvira, 6 Mei 1995

Mama Himid,

Kidole gani kisichopona? Mwambie Zénon aandike kwa mkono wa kushoto, achore hata duara, nitalisoma. Chabani nikimuuliza anaangalia baiskeli yake. Mara ya mwisho aliniambia "yuko tu", akaondoka bila kunywa maji, yeye asiyekataa hata uji.

Najua anachoficha. Mshahara umetoka, ametumia, anaona aibu kuja mikono mitupu. Mwambie aje na mikono hiyohiyo. Danielle kila baiskeli ikipita anasimama mlangoni. Nimechoka kumwambia kesho.

Kama hatakuwa amefika mwisho wa mwezi huu, mimi na Danielle tunarudi kumfuata. Usinijibu kwamba njia ni mbaya. Nilipita nayo wakati wa kukimbia, nitapita nayo wakati wa kurudi. Stoo inatutosha, tutalala humo wote watatu.

Madamu je, anakula?

Concilie wa Zénon


Buyenzi, 13 Mei 1995

Mama Danielle, nakusihi kwa jina la Mungu unayemwamini, usije na mtoto.

Juzi kwenye njia hiyo ya Gatumba wamesimamisha gari, na waliokuwemo hawajaonekana. Na ukija hutamkuta Zénon. Wamempeleka Rumonge kwa kazi ya bandari ya kule, hajui atarudi lini. Kaa hukohuko. Nakuomba kama mama nikimwomba mama.

Ngoja nikupe la kufurahisha, nawe unacheka kwa shida siku hizi. Madamu ametotoa! Alitaga hapahapa jikoni kwangu, mimi mwenyewe sikujua mpaka akakalia. Ni vitatu tu, lakini ungeviona! Vina mistari kichwani kama vimechorwa kwa wino, midomo na miguu yao ni myekundu kama vimekanyaga mawese. Vina mbio mpaka watoto wa jirani wanakuja kutazama. Sijawahi kuona vifaranga vya namna hiyo kwa kuku mweupe. Mzee Yaseen anasema wamefuata babu yao.

Shida ni mweusi wangu. Tangu nimrudishe ana adabu kwa wakubwa, lakini hawa watoto hawataki, anawakimbiza. Madamu anaruka kuwatetea, kamba inamvuta nyuma, anaanguka. Sijui nifanye nini.

Kaltum


Uvira, 18 Mei 1995

Kaltum,

Barua yako nimeisomea uani, nikacheka vile vifaranga vyenye miguu ya mawese. Nikamwita Danielle nimsomee. Nikafika kwenye mistari ya kichwani kwa mara ya pili, nikamwambia aende akacheze.

Hao si kuku, Kaltum. Ni kanga, ndege wa porini wanaofugwa. Kwako hakuna kanga. Kwa jirani zako wote hakuna, ningejua, nimewauzia mayai miaka mingapi. Mayai ya kanga alinipa Mama Jovithe, na mimi mwenyewe niliinama nikayaweka chini ya kitanda changu kule Bwiza, nikamwonyesha Zénon. Hakuna mtu mwingine aliyejua.

Kwa hiyo kuna aliyeingia chumbani kwangu, akainama.

Mayai ya Madamu mwenyewe yalikuwa pale pia, mengi kuliko hayo. Yameenda wapi? Ganda la yai la kanga ni gumu, linaanguka na lisivunjike. La kuku linavunjika. Kwa hiyo aliyeyabeba alianguka. Nimekaa na jambo hilo tangu asubuhi. Mzee Cirimwami ameniletea chai mara mbili, zote zimepoa mbele yangu.

Sikuulizi kuhusu Rumonge. Nakuuliza jambo moja, na kama uliwahi kunipenda, usinidanganye hapa. Barua yangu ipi ilifika kwanza?

Concilie


Buyenzi, 23 Mei 1995

Concilie,

Ya kuwafungua ilifika Jumatano. Ya kukataza ilifika Jumapili. Alizikwa Jumamosi kati ya hizo mbili.

Aliwafungua yeye, kwa sababu ulisema. Madamu akatoka, akamfuata. Nilimwambia aache. Alisema, "Ile ni kuku ya Concilie, akiniuliza nitasema nini?" Walimpiga risasi mlangoni kwenu akiwa anatoka, mara moja, Rachidi anaapa hakuteseka, na mimi namwamini Rachidi. Madamu alikuwa kwapani mwake, mayai kofiani. Kofia ninayo, nimeifua. Padri alisoma vizuri. Nilikwenda mpaka makaburini nikiwa nimejitanda, nikasimama pale ambapo wewe ungesimama, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke mwingine wa kwake.

Mambo ya kidole na ya Rumonge niliyatunga mimi. Mzee Yaseen alinikataza, Chabani alinikataza, dada yangu Ruqaya aliniandikia kwa ukali. Sikutaka ujue ni barua. Kila siku nilitafuta namna ya kukwambia kifo bila kukwambia barua, sikuipata. Nilikunyima matanga ya mumeo kwa zaidi ya mwezi. Nichukie, una haki.

Lakini nisikilize na mimi mara moja. Hukumtuma. Ulisema asitie mguu Bwiza, barua hiyo ninayo pia, nimeisoma mara nyingi. Aliyempiga risasi ni mtu mwenye bunduki. Kuku haui, wala karatasi. Mimi nililala na hilo swali zaidi ya mwezi, ndilo jibu nililolipata.

Vifaranga bado viko vitatu, mweusi hajaua hata kimoja. Madamu bado yuko kambani. Kila asubuhi nainama nimfungue, mikono inakataa. Najua anaumia, mguu umeanza kuvimba. Siwezi, Concilie.

Kaltum


Uvira, 30 Mei 1995

Mama Himid,

Danielle nimemwambia. Aliuliza kama baba alikuwa na njaa. Nimemwambia apana, alikuwa anakula wali kila siku kwa Mama Himid. Ile karatasi ya ukutani hataki niiguse.

Nilikuchukia siku mbili. Ya tatu nilikuwa nimechoka, na nikamkumbuka aliyesimama makaburini mahali pangu. Nilipomaliza kukuchukia nilianza kujichukia mimi, na hilo halijaisha. Kuhusu bunduki na karatasi, najua umesema kweli. Ikifika saa ya kufua, saa ileile niliyokumbuka mayai yale, ukweli huo hauniingii. Laiti ningefua siku mbili kabla.

Haturudi. Hakuna wa kumfuata tena. Kofia mpe Chabani ailete.

Sasa nisikilize. Kanga wachanga wanakufa kwa maji. Chombo chao cha kunywea kijaze kokoto, wakitumbukia wasizame. Wasilowe umande, usiwatoe nje mpaka majani yakauke. Wakikua watapiga kelele mgeni akija getini, kelele za kutoboa masikio. Usiwachinje kwa ajili hiyo, waache wapige.

Mweusi wako usimfunike tena. Dawa yake sasa ni mama mwenye watoto, na huyo unaye, umemfunga. Mwachie, mweusi ataona siku moja tu, hatarudia. Mguu uliovimba ukande kwa maji ya chumvi.

Usiogope, hatavuka tena barabara. Aliyoyafuata kule ameletewa mpaka kwako, yamefunguka, yanamzunguka na miguu myekundu. Mfungue Madamu, Mama Himid. Bwiza hana tena kitu.

Wala mimi.

Concilie wa Zénon